Maji Kwenye Chuma Chekundu

Rehema alipopiga simu kuniambia kwamba baba yake yuko taabani na anataka kuniona, nilikuwa jikoni nakaanga karanga. "Mama Nyamizi, shikamoo," alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. "Marahaba, mwanangu." "Baba anakuulizia tangu juzi. Anasema hawezi kuondoka bila radhi yako. Nikufuate na bajaji?" Nilimwambia nitakuja mwenyewe. Kisha nikarudi kwenye karanga zangu, nikazikaanga mpaka zikaiva, nikazipepeta, nikazitandaza kwenye sinia zipoe, nikaonja mbili tatu. Nilioga, nikatafuta khanga nzuri. Sikuwa na haraka hata kidogo. Baba yake Rehema ni Fundi Mrisho, aliyekuwa msimamizi wa karakana ya magurudumu ya treni hapa Tabora siku nilipoanza kazi nikiwa msichana. Kwa watu wa mtaa wake, Mtendeni, ni mzee wa heshima, mtu wa safu ya mbele msikitini, mtu ambaye harusi haifungwi bila yeye kukaribishwa. Kwangu mimi ni mtu ambaye nilimsubiri kwa hamu afike hapo alipofika. Nasema hivyo bila aibu. Nasikia wapo ambao wakizeeka mioyo yao inalainika. Wangu haukulainika, na sioni kwa nini niombe radhi kwa hilo.

Mwaka niliofanya kazi chini yake ulikuwa mmoja tu. Nilifika Tabora kutoka chuo cha ufundi Dar es Salaam, na nikapanga chumba Isevya kwa mjane mmoja, Bi Tausi, mwanamke mnene mwenye mdomo mkubwa na moyo mkubwa kuliko mdomo. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la mbao lisilofunga vizuri, na dari ya magunia yaliyopakwa chokaa. Nyumba nzima ilikuwa na dari moja iliyoungana juu ya kuta, kwa hiyo ukikohoa chumbani kwako, mtu wa chumba cha mwisho anakuambia pole. Kila nilichokijua kuhusu Tabora mwaka ule nilikisikia kupitia dari ile: nani kaachika, nani kachukuliwa mchumba, asali ya wapi imechanganywa na sukari. Asubuhi Bi Tausi alitupatia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, na chai ya rangi kwenye vikombe vya bati. Jioni ni ugali na mlenda, au uyoga ukiwa msimu wake. Tulikula uani, wanawake huku na wanaume kule, ila kule kwa wanaume alikuwa mmoja tu, mpangaji wa chumba cha mbele, jina lake Kulwa.

Kulwa alitoka Nzega na kazi yake ilikuwa stesheni, kuunganisha na kupanga mabehewa. Siku nzima alining'inia kwenye kikanyagio cha kile kichwa kidogo cha treni kinachosukuma mabehewa uwanjani, bendera mkononi, anaruka, anafunga mnyororo, anaruka tena. Alikuwa mwembamba na mwenye madaha, na alipenda kunisalimia kwa lugha ya nyumbani hata kama jua limeshasogea. "Mwangaluka, fundi!" angesema saa kumi za jioni. "Asubuhi yenu Nzega inaisha lini?" ningemjibu, na Bi Tausi angecheka mpaka upawa umtoke mkononi. Hatukuwa tumeambiana jambo. Lakini jioni moja nilimsikia kupitia dari akimuuliza Bi Tausi kama watu wa kwetu ni wakali, na kama mjomba wake akitumwa kwenda kuzungumza atapokewa vipi. Bi Tausi akasema, "Mtume tu, baba. Huyu msichana anakusubiri wewe na anajifanya anasubiri mboga." Nililala na tabasamu. Nakumbuka hata ukucha niliokuwa nautafuna.

Karakana ilikuwa mahali pa joto, kelele na masizi, na niliipenda tangu siku ya kwanza. Gurudumu la treni la siku zile halikuwa kipande kimoja. Ndani kuna kiini, na nje kinavalishwa tairi, na ninaposema tairi sisemi mpira. Nasema pete nene ya chuma cha pua, ile inayokanyaga reli. Pete hiyo huchongwa iwe ndogo kidogo kuliko kiini chake. Unaipasha moto kwa vichomeo vya gesi vilivyoizunguka, inapanuka, unaishusha kiini kikiwa ndani, na inapopoa inabana kiasi kwamba hakuna nguvu ya kuitoa. Kazi hii inataka subira kuliko misuli. Hupashi pete mpaka iwe nyekundu; unaipasha ya kutosha kupanuka tu, rangi yake ikiwa ileile nyeusi. Ukishaivalisha unaifunika kwa majivu makavu na magunia, unaiacha ipoe yenyewe, hata kama itakuwa kesho. Maana chuma cha namna ile kikishafika wekundu halafu kikapozwa ghafla, kinashikwa na ugumu wa kutisha. Asiyejua hufurahi, anadhani amepata chuma imara. Lakini ugumu ule hauwezi kupinda hata kidogo, na chuma kisichoweza kupinda, siku kikipigwa vibaya, kinakatika. Haya tulifundishwa chuoni, tukavunja vipande kwa nyundo ili tuone wenyewe, na sikuwa nimeyaota.

Fundi Mrisho naye aliyajua ya kwake. Baba yake na babu yake walikuwa mafundi wa mikokoteni ya ng'ombe hapahapa Mtendeni, na ukoo ule ulijisifu kwamba uliletwa na misafara ya zamani, walikuja wakifua vyuma njia nzima wakakaa. Mkokoteni una gurudumu la mti linalovalishwa pete ya chuma. Na pete ile, ikishakaa, lazima uimwagie maji papo hapo, la sivyo mti unaungua. Chuma chenyewe ni laini, hakidhuriki na maji wala jua. Fundi Mrisho alikulia kwenye mvuke ule. Alipokuwa mtoto alibeba ndoo, na alipokuwa mtu mzima hakuna aliyeweza kumwambia kwamba treni si mkokoteni. Kwa kawaida alifuata utaratibu wa karakana kwa sababu ulikuwa umebandikwa ukutani. Lakini alinung'unika. "Majivu, majivu," alisema. "Tunapika viazi hapa?"

Ilikuwa Ramadhani, na kichwa kile cha uwanjani kilikuwa kimesimama kikisubiri gurudumu. Wakubwa wa stesheni walikuwa wanapiga simu. Jioni ile tairi lilikuwa limechongwa dogo mno, likakataa kuingia. Tulilishusha, likagoma, tukalipandisha, tukalipasha tena. Watu walikuwa wamefunga tangu alfajiri na wamesimama mbele ya moto mchana kutwa, midomo imepasuka, na jua lilikuwa linaelekea kuzama. Mimi peke yangu sikuwa nimefunga, maana dini yangu nyingine, na mchana nilikuwa nimekula mhogo nyuma ya ghala ili nisiwakwaze. Nawaelewa walivyokuwa na njaa. Sijawahi kumlaumu mtu kwa njaa.

"Ongezeni moto," Fundi Mrisho alisema. Tukaongeza. Chuma kikaanza kuiva. "Fundi," nilimwambia, "linakuwa jekundu." "Naona." "Fundi, tupunguze moto, tulichonge upya kesho." "Wewe umekula mchana," alisema, na wengine wakacheka, "ndiyo maana una nguvu za kusubiri kesho." Likafika wekundu wa embe lililoiva, likaingia. Halafu akasema neno ambalo nalisikia mpaka leo: "Leteni maji."

Nilisimama mbele ya pipa. Hilo nalisema kwa sababu baadaye lilisemwa vingine. Nilisimama na mikono nimeitanua kama mtu anayezuia mbuzi, nikamwambia, "Fundi, tafadhali. Tulifunike majivu. Likimwagiwa maji litakatika." Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko tusi. "Binti, baba yangu amevalisha magurudumu toka sijazaliwa, na kila moja alilimwagia maji. Mikokoteni ilikwenda Nzega, ikaenda Igunga, ikarudi. Leo wewe unifundishe maji?" Akanisukuma kwa kiwiko. Msaidizi wake, Salumu, akajaza ndoo akampa, na Fundi Mrisho akamwaga kwa mkono wake. Mvuke ulipanda mpaka tukapotezana. Chuma kikalia, kikanyamaza. Adhana ikasikika. "Wewe baki uzime gesi," aliniambia akiifuta shingo, na wote wakaenda kufuturu kwenye mikeka iliyotandikwa nje ya geti, na mimi nikabaki na gurudumu.

Lilipopoa nilichukua tupa nikajaribu kulikwaruza. Tupa iliteleza. Nilijaribu upande wa pili, ikateleza tena, kama mtu anayekwaruza kioo. Asubuhi nilimwambia mbele ya kila mtu, Salumu akiwapo. Fundi Mrisho akachukua nyundo akaligonga, nalo likalia vizuri, mlio safi, maana ufa ulikuwa haujaanza na chuma kigumu kina sauti nzuri. "Unasikia?" alisema. "Kengele ya shule." Likafungwa kwenye kichwa, kichwa kikarudi uwanjani, na Kulwa akarudi kwenye kikanyagio chake. Nilimwonya. Nilimwambia uani kwa Bi Tausi, tukiwa na sahani ya ugali, kwamba lile gurudumu la mbele kushoto silipendi. Akacheka. "Wewe hupendi hata mlenda wa Bi Tausi, na kila siku unamaliza."

Idi ikapita. Ikaja baridi ya Tabora, ile kavu ya asubuhi inayofanya vidole viume, na baridi ndiyo adui wa chuma kilichoharibiwa hivyo. Asubuhi moja nilikuwa getini nikasikia mlio mmoja mkubwa kutoka stesheni, kama bunduki. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikimbia. Tairi lilikuwa limekatika vipande, kichwa kimeanguka nje ya reli, na Kulwa alikuwa amelala kwenye kokoto, mguu wake umebanwa chini ya kikanyagio. Alikuwa macho. Hakuwa analia. Alikuwa anatafuta bendera yake. Niliokota kipande cha tairi kisichozidi ngumi, nikakitazama pale kilipokatika. Kilikuwa na chembechembe zinazometa, kama sukari guru iliyovunjwa. Chuma kizima hakikatiki hivyo. Nilikificha kwenye mfuko wa ovaroli, na ninacho mpaka leo.

Wakubwa walikuja kutoka Dar es Salaam kuchunguza. Walikaa ofisini, na mchana waliletewa kuku na pilau kutoka nyumbani kwa Fundi Mrisho. Mimi niliambiwa nisubiri kwenye benchi la nje, na dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo kesi yangu niliisikia kama nilivyozoea kusikia mambo Tabora, kupitia mahali ambapo ukuta umeishia. "Sisi, mabwana, tulikuwa tumefunga," Fundi Mrisho alisema kwa sauti ya unyenyekevu ambayo sikuwahi kuisikia karakana. "Adhana ilipolia tulitoka kwenda kufuturu. Chuma tulikiacha kizuri, kimefunikwa majivu. Tulimwacha binti peke yake, maana yeye hafungi. Sasa sijui alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Tuliporudi tukakuta maji." Mkubwa mmoja akauliza, "Na wewe ulikuwepo?" Sauti ya Salumu ikasema, "Nilikuwepo. Ndivyo ilivyokuwa." Nilisikia kijiko kikigonga sahani. Waliponiita ndani, mdomo wa mkubwa ulikuwa unang'aa mafuta. Nilisema yote, moto, pipa, tupa. Aliniuliza kama kuna shahidi. Wenzetu wengine wa jioni ile walikuwa wameshasema kama Salumu. Nikawatazama Fundi Mrisho na Salumu, nao wakatazama sakafu. Uongo wao ulikuwa umekaa vizuri mno: kweli wote walitoka kufuturu, kweli mimi peke yangu nilibaki. Nilifukuzwa kazi, na Fundi Mrisho akapandishwa cheo kwa jinsi, walivyosema, alivyosimamia uokoaji pale stesheni.

Hayo ningeyameza. Kazi zipo nyingi, na mimi nilianza kununua vyuma chakavu nikapata riziki nzuri kuliko ya karakana. Kilichonishinda ni wodi ya wanaume, hospitali. Nilikwenda na uji na machungwa. Walikuwa wamemkata mguu chini ya goti. Kulwa aliniuliza kwa upole, bila hasira hata chembe, "Ulikuwa na haraka ya nini, Nyamizi?" Nikamwambia si mimi. Nikamwambia nilikuonya, hukumbuki? "Nakumbuka," alisema. "Ulijua." Nikaapa. Akasema, "Wote wale wamefunga, wanamwogopa Mungu, wakae waseme uongo? Wewe tu ndiye msema kweli?" Akageukia ukutani. Niliacha machungwa kwenye kabati. Jioni ile kupitia dari nilimsikia Bi Tausi akimwambia jirani, "Msichana wa watu hawezi kufanya vile," na jirani akajibu, "Aa, dada, mbona mwenyewe Kulwa amesema?" Alipotoka hospitali alikwenda kuishi kwa pacha wake, Dotto, anayelima tumbaku upande wa Ulyankulu. Mjomba hakutumwa kwetu. Nilipeleka salamu, nikatuma watu, hakujibu. Miaka mingi baadaye nilisikia sokoni kwamba amekufa, kutoka kwa mtu aliyekuwa anapima mchele na wala hakujua anamwambia nani.

Kwa hiyo niliposema sikuwa na haraka ya kwenda Mtendeni, nilikuwa na maana hiyo. Watu waliokuwa wananipenda waliniambia kwa miaka yote hiyo niimwagie hasira yangu maji. Niliwajibu kwamba najua maji yanavyofanya kazi. Niliiacha ipoe yenyewe, na ipo, nzima, haina ufa.

Chumba cha Fundi Mrisho kilinukia udi na dawa ya kuchua. Alikuwa amekwisha, mkono wake juu ya shuka umebaki mifupa, lakini macho yalikuwa yaleyale. Wanawe wawili wa kiume walisimama ukutani, Rehema akakaa miguuni. "Shikamoo, Fundi," nilisema, maana adabu ni adabu. "Marahaba, Nyamizi. Umekuja." Akavuta pumzi. "Nisamehe kwa lolote nililokukosea, kwa kujua au kwa kutokujua."

"Lipi?" nikamuuliza.

"Yote."

"Yote ni mengi, Fundi. Nitajie moja."

Kijana wake mkubwa akasogea. "Mama, mzee mgonjwa. Tafadhali." Nilifungua khanga niliyobebea kile kipande cha tairi, nikakiweka juu ya shuka, karibu na mkono wake. Alikitazama. Alikijua. Nikamwambia Rehema awaite walioko barazani, na miongoni mwao akaingia Salumu, amepinda mgongo, na fimbo. Naye alipokiona kile chuma alikaa chini bila kukaribishwa. Tukasubiri. Nilisikia jirani anatwanga, nikasikia maji yanachemka jikoni, na nilikuwa tayari kukaa pale mpaka roho imtoke.

"Maji nilimwaga mimi," alisema hatimaye.

"Sauti, Fundi. Wanao hawajasikia."

"Maji nilimwaga mimi. Salumu alinipa ndoo. Huyu binti alisimama mbele ya pipa akanikataza, nikamsukuma. Tukamsingizia." Rehema alijifunika uso kwa mtandio. Kijana mkubwa, aliyelelewa kwa sifa za baba yake aliyeokoa watu stesheni, alimgeukia Salumu, na Salumu akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka. Niwe mkweli: nilifurahi. Fundi Mrisho akainua vidole viwili vitatu kuelekea kwangu. "Sasa nipe radhi, Nyamizi."

Nilichukua chuma changu nikakifunga kwenye khanga. "Mimi ulinipaka matope, na leo umeniosha mbele ya watu," nilimwambia. "Hilo la kwangu nitakwenda nalo nyumbani, nilifikirie. Lakini mguu haukuwa wangu, Fundi. Mwenye mguu alikufa akiamini ni mimi. Ametangulia huko unakokwenda. Utamkuta. Mwombe mwenyewe."

Nikatoka. Rehema alinifuata mpaka barabarani bila viatu, akaniita mama mara nyingi, na nilimshika mkono kwa sababu yeye hana kosa, lakini sikumpa alichokifuata.

Alikufa kabla wiki haijaisha. Nilikwenda msibani mapema, asije mtu akasema sikwenda, nikakaa uani na wanawake tukapembua mchele wa kuwalisha wazikaji. Kabla jeneza halijatoka, mdogo wa marehemu alishika kipaza sauti akasema kwamba kama kuna aliyekosewa na marehemu, familia inamwomba amsamehe. "Tumemsamehe," wanaume waliitikia nje. "Tumemsamehe," wanawake waliitikia uani. Rehema alikuwa ameketi mbele yangu. Aliinua uso akanitazama mimi peke yangu, akasubiri. Nilikuwa na ungo mapajani, na mchele ule ulikuwa na mawe mengi. Niliinamisha kichwa, nikaendelea kuyatoa.